Mgeni njoo, kinamasi kipone

Novemba 2005 Kampala ilipokea wajumbe wa nchi wanachama wa Mkataba wa Ramsar, mkataba uliotiwa saini mwaka 1971 katika mji wa Iran wenye jina hilo kwa ajili ya kulinda ardhi oevu. Ulikuwa mkutano mkuu wa tisa, na wa kwanza kufanyika barani Afrika. Uganda ilistahili heshima hiyo. Ilikuwa na sera ya taifa ya ardhi oevu tangu 1995, na Katiba ya mwaka huohuo, katika ibara ya 237, inasema kwamba maziwa, mito na ardhi oevu vimewekwa mikononi mwa serikali kuwa amana ya wananchi wote. Septemba 2006, kabla mwaka haujatimia tangu wajumbe waondoke, Uganda iliingiza maeneo tisa kwa mpigo katika orodha ya Ramsar. Leo yapo 12, ikiwemo Milima ya Rwenzori iliyoongezwa mwaka 2009. Kwa maandishi, ni nchi chache za ukanda huu zinazoweza kujilinganisha nayo. Takwimu za Wizara ya Maji na Mazingira, hata hivyo, zinasema mengine. Mwaka 1994 ardhi oevu zilifunika asilimia 15.6 ya nchi. Miaka 25 baadaye zilikuwa zimeshuka hadi kama asilimia 13, na zile ambazo bado zina hali yake ya asili zilikuwa asilimia 8.9 tu.

Katika kipindi hicho sheria ziliongezeka na vinamasi vikapungua. Wengi wakiona hivyo hudai sheria kali zaidi, faini kubwa zaidi na matingatinga mengi zaidi. Madai hayo yana msingi, lakini hayagusi kiini cha tatizo. Kinamasi hakiharibiwi na mtu asiyejua sheria. Huharibiwa na mtu ambaye kikiwa kizima hakimpi kitu, na kikishakauka kinampa shamba, matofali au kiwanja. Hoja yangu ni kwamba mgeni anayekuja kutazama ndege na wanyama, na kulipa kwa ajili hiyo, ni miongoni mwa nguvu chache zinazoweza kuigeuza hesabu hiyo, kwa sharti moja: fedha yake imfikie yule jirani mwenye jembe. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Ushahidi wa usemi huo katika suala la ardhi oevu hauko mbali, nao unaanzia kwenye vilima vya magharibi mwa Uganda.

Bigodi ni kijiji kilicho katika wilaya ya Kamwenge, pembeni mwa msitu wa Kibale. Kando yake kipo kinamasi cha Magombe, chenye mafunjo, miti ya majimaji na vijito vinavyopita kati ya mashamba ya watu. Hakimo ndani ya hifadhi ya taifa wala hakina askari wa wanyamapori. Mwaka 1992 wanakijiji waliunda chama chao, KAFRED, wakaweka njia ya miguu yenye madaraja ya mbao, wakafundisha vijana wa hapohapo majina na sauti za ndege, wakaanza kutoza kiingilio. Anayetembea njia hiyo kwa saa tatu hivi hukutana na shorobo mkubwa wa buluu, ndege mwenye kishungi cheusi na mdomo wa njano wenye ncha nyekundu, akirukaruka kwenye matawi ya mitini. Huona pia mbega wekundu na jamii nyingine za nyani, ambao kwa kawaida watu huamini wanapatikana ndani ya msitu mkubwa peke yake. Wageni wanaokuja Kibale asubuhi kutafuta sokwe hupita Bigodi mchana, na wapo wanaokuja kwa ajili ya ndege tu.

La kuzingatia zaidi ni njia inayopita fedha. Kiingilio hakipelekwi makao makuu ya idara yoyote kikasubiri bajeti. Hubaki kijijini, na kwa sehemu kubwa kilijenga na kuendesha shule ya sekondari mahali ambapo haikuwepo. Wanawake wa kijiji huuza vikapu na mikeka kwa wageni haohao, waongozaji hulipwa, na familia inayopakana na kinamasi inajua kwamba ada ya mtoto wake ina uhusiano na yale maji yaliyo nyuma ya nyumba. Mwaka 2010 kazi hiyo ilitambuliwa kimataifa kwa Tuzo ya Ikweta, inayotolewa chini ya Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa. Magombe hakijawa kinamasi kisicho na bughudha: nyani hula mahindi, na pembezoni bado wapo wanaotamani kusogeza mashamba. Lakini katika muda ambao vinamasi vya pembeni mwa Kampala, vilivyo karibu na ofisi zote za serikali, vilikuwa vikifukiwa kwa kifusi, hiki kiliendelea kuwepo kikilindwa na wakulima.

Ukipanda juu zaidi, kwenye milima ya Kigezi, utakuta vinamasi vya aina nyingine, vya baridi, vyenye ndago ndefu badala ya mafunjo. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Bwindi, njia hushuka kwa mteremko mkali kutoka Ruhija hadi kinamasi cha Mubwindi, kiasi cha mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Humo anaishi ndege mdogo wa kahawia, asiye na rangi ya kuvutia, ambaye husikika akiimba ndani ya majani muda mrefu kabla ya kuonekana. Wataalamu walimpa jina la Rudolf Grauer, Mwaustria aliyekusanya ndege wa eneo hili mwanzoni mwa karne ya 20. Ndege huyo hapatikani popote duniani isipokuwa kwenye vinamasi vya juu vya bonde la ufa la magharibi: Uganda, Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo. Kwenye miti inayozunguka Mubwindi hujenga pia kiota ndege mwingine mwenye jina la Grauer, wa kijani kibichi na koo la buluu hafifu, ambaye nje ya Bwindi anajulikana katika misitu michache ya Kongo tu. Watu husafiri kutoka Ulaya na Marekani, wakatelemka mteremko ule na kuupanda tena, kwa ajili ya kumwona ndege huyo dakika chache. Kinamasi kingine cha jinsi hiyo, Muchuya, kipo katika msitu wa Echuya kwenye barabara ya Kabale kwenda Kisoro.

Bwindi yenyewe inatoa funzo chungu. Ilipotangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1991, majirani waliipinga kwa hasira, kwa sababu siku moja walikuwa wakichukua asali, dawa na miti, na siku ya pili wakaitwa wezi. Batwa, waliokuwa wakiishi na kuwinda msituni kabla ya wote, walitolewa bila kupewa ardhi, na deni hilo halijalipwa hadi leo. Mambo yalianza kutulia pale majirani waliporuhusiwa kuvuna baadhi ya mazao ya msitu katika maeneo maalumu, na pale sheria ya wanyamapori ya mwaka 1996 ilipoagiza asilimia 20 ya viingilio vya hifadhi irudi kwa jamii zinazopakana nayo. Hiyo ni asilimia ya kiingilio tu, wala si ya mapato yote, na majirani wengi husema haitoshi. Hata hivyo inaonyesha jambo lilelile lililoonekana Bigodi: uadui ulipungua pale fedha ilipoanza kutembea upande wa pili wa mpaka.

Huenda mkazi wa mjini akauliza vinamasi vya milimani vinamhusu nini. Jibu liko karibu na mpaka wa Kabale, upande wa Rwanda. Kinamasi cha Rugezi, chenye hekta zaidi ya 6,700 na kilicho juu ya mita 2,000, hupokea mvua ya milima na kuiachia polepole kwenye maziwa Burera na Ruhondo. Kati ya maziwa hayo mawili ndipo ulipo mtambo wa umeme wa Ntaruka. Kwa miaka mingi Rugezi ilichimbwa mifereji na kulimwa. Tabaka nene la mimea iliyooza nusu, linaloshikilia maji kwa msimu mzima, lilikauka na kusinyaa. Mvua ilipopungua na maji ya ziwa yakaachiliwa kuliko kiasi, kina cha Burera kilishuka. Kufikia 2004 Rwanda ilikuwa gizani, ikikodi majenereta ya dizeli kwa gharama kubwa. Serikali ilipiga marufuku kilimo ndani ya kinamasi, ikapanda mianzi na nyasi pembezoni na kujenga matuta milimani, na maji yakarudi. Pamoja nayo walirudi korongo taji, na Rugezi leo ndiyo makao ya idadi kubwa kuliko zote ya yule ndege wa Grauer. Yaani kinamasi kilekile kilichokuwa kikiwasha taa za Kigali ndicho kilichokuwa kikimlisha ndege ambaye wakazi wa Kigali hawakuwa wamepata kumsikia.

Kampala ina Rugezi yake, nayo inaitwa Nakivubo. Maji machafu ya katikati ya jiji, pamoja na yale yanayotoka mtambo wa Bugolobi, hupita katika kinamasi hicho kabla ya kuingia Ghuba ya Murchison, kilomita chache tu kutoka Ggaba ambako maji ya bomba ya jiji huvutwa. Mwaka 1999 watafiti wakiongozwa na Lucy Emerton walikadiria kwamba kazi ya kusafisha maji inayofanywa na kinamasi hicho bure ilikuwa na thamani ya dola za Marekani zisizopungua milioni moja hivi kwa mwaka. Makadirio hayo yalinukuliwa duniani kote, yakaingia vitabuni, yakafundishwa vyuoni. Nakivubo penyewe mayuni yaliendelea kupandwa, matofali yaliendelea kuchomwa na nyumba ziliendelea kusogea. Hapo ndipo hoja yangu inaposimama wima. Faida ya Nakivubo ilikuwa kubwa, lakini iligawanywa kwa kila anayefungua bomba, kidogo kidogo, bila yeye kujua. Hasara ya kukihifadhi ilimwangukia mtu mmoja mwenye shamba la mayuni. Hakuna hesabu ya mtaalamu inayoweza kushindana na mlo wa jioni.

Sasa tazama Mabamba, ghuba ya Ziwa Victoria iliyo katika wilaya ya Wakiso, mwendo wa saa moja na nusu au mbili kutoka Kampala, au kwa kivuko cha Nakiwogo kutoka Entebbe. Ni eneo la Ramsar lenye hekta 2,424. Wageni huja kumwona bbulwe, ndege mkubwa wa kijivu anayefikia kimo cha mtoto wa shule, mwenye mdomo mpana mfano wa kiatu cha mbao. Husimama kwenye mimea inayoelea bila kutikisika, akisubiri kamongo apande juu kuvuta hewa. Kamongo anapotokeza, ndege huyo huanguka mzimamzima majini, mabawa yakiwa wazi, kisha huinuka na mdomo uliojaa majani na samaki, akatema majani na kubaki na samaki. Hutaga yai moja hadi matatu, na mara nyingi ni kinda mmoja tu anayefikia kuruka. Zamani wavuvi wa hapa walimwona ni nuksi: aliyekutana naye aliamini hatapata samaki siku hiyo, na wengi walimuua. Leo baadhi ya wavuvi haohao na watoto wao ndio wanaopiga kafi za mitumbwi ya wageni, na ni wao wanaojua kila asubuhi ndege huyo amelala wapi. Imani ya miaka mingi haikuondolewa na bango la idara. Iliondolewa na nauli ya mtumbwi.

Mabamba pia ni kiungo cha kinamasi na mlima. Miezi ambayo kusini ni baridi, hufika hapo mbayuwayu wa buluu, ambaye huzalia kwenye nyasi za nyanda za juu, zikiwemo zile za kusini mwa Tanzania kama Kitulo. Huyu ni ndege aliye hatarini, na akipoteza maeneo kama Mabamba, kazi yote ya wahifadhi wa Kitulo ni bure. Upande wa pili wa rasi ya Entebbe ipo Lutembe, ghuba ndogo ya hekta 98, ambayo nayo ni eneo la Ramsar tangu 2006. Imehesabiwa kuwa na buabua wenye mabawa meupe kwa mamia ya maelfu, na kuna misimu walipopita milioni moja, wanaotoka Ulaya na Asia kukwepa majira ya baridi. Hadhi ya kisheria ya Lutembe ni ileile ya Mabamba, lakini pembezoni mwake kinamasi kimefukiwa na mashamba ya maua na majengo yamesogea. Ulinganisho huu una kasoro, nami sitaificha: ardhi ya Lutembe, iliyo karibu na barabara ya Entebbe, ina bei kubwa kuliko ya Mabamba, na bei hiyo ingetosha kuvuta wavamizi hata kama wageni wangekuwa wengi. Lakini inathibitisha angalau kwamba hadhi ya kimataifa peke yake haimzuii mwenye lori la kifusi.

Wapo watakaosema kwamba mwenye shibe hamjui mwenye njaa: mkulima wa Kigezi, ambaye shamba lake limegawanywa kwa vizazi vitatu hadi likawa vipande vya matuta, hawezi kuambiwa aache bonde lenye rutuba kwa ajili ya ndege wa kahawia. Pingamizi hili ni zito, na ni kwa sababu hiyo siungi mkono uhifadhi wa kufukuza watu tu. Hata Rugezi, pamoja na mafanikio yake, mzigo wa mwanzo ulibebwa na wakulima waliopoteza mashamba ya bondeni. Lakini bonde lililokaushwa si neema ya kudumu pia. Udongo wake hutoa mavuno mazuri misimu ya kwanza, kisha husinyaa na kuwa mchachu, na chemchemi za chini hupungua. Kinamasi kizima, kwa upande mwingine, hakikatazi kila matumizi: mafunjo ya mikeka na mapaa, samaki, maji ya nyumbani na malisho ya kiangazi huweza kuvunwa kwa utaratibu. Utalii wa ndege hauchukui nafasi ya hayo yote. Huongezwa juu yake, na mara nyingi huo ndio uzito unaohitajika ili mizani ielemee upande wa maji.

Pingamizi la pili ni kwamba mgeni hategemeki. Machi 2020 uwanja wa Entebbe ulifungwa kwa sababu ya UVIKO-19, na waongozaji wa Mabamba, Bigodi na Ruhija wakakaa bila kipato kwa miezi. Ni kweli, na somo lake liko wazi: uhifadhi unaomtegemea Mzungu peke yake umejengwa juu ya mchanga. Lakini wateja wa nyumbani wapo: Kampala, mji wenye mamilioni ya watu, iko saa mbili kutoka Mabamba na nusu siku kutoka Bigodi. Wengi wa wakazi wake hufunga safari za kijijini kila Krismasi kupita barabara hizohizo. Uganda ina zaidi ya spishi 1,000 za ndege, kama nusu ya spishi zote za Afrika, lakini anayezilipia ni mtu aliyevuka bahari. Iwapo hata sehemu ndogo ya safari za wikendi za Kampala ingeelekezwa kwenye vinamasi, mwongozaji asingekuwa mateka wa ratiba za ndege za kimataifa. Wapo pia wanaohofu kwamba wageni wengi wenyewe ni uharibifu, na hofu hiyo si ya bure: mitumbwi ikimzonga bbulwe karibu na kiota, au watu wakikusanyika chini ya mti wa ndege wa Mubwindi, kinda huweza kuachwa. Dawa yake inajulikana. Ni ukomo wa idadi ya mitumbwi kwa siku, kiwango cha chini cha umbali, na mwongozaji mwenye mamlaka ya kusema hapana kwa mteja aliyekwisha kulipa.

Wala sisemi kwamba sheria iwekwe kabatini. Mwaka 2024 mamlaka ya mazingira, NEMA, ilibomoa nyumba za watu katika kinamasi cha Lubigi, na picha za familia zilizokaa juu ya magodoro yao nje ziliwaumiza wengi. Lakini ubomoaji ndio mwisho wa safari ndefu ya kutojali, na waliolipa gharama yake ni maskini waliouziwa viwanja na wajanja wasiolala nje. Sheria ingekuwa na kazi nyepesi zaidi kama Lubigi ingekuwa na watu waliokula kwa sababu yake ikiwa nzima, watu ambao wangepiga kelele siku lori la kwanza lilipomwaga kifusi. Mabamba na Bigodi zina watu hao. Lubigi haikuwa nao.

Kinachotakiwa, basi, hakihitaji mkutano mwingine wa kimataifa. Serikali za wilaya zitambue vyama vya waongozaji kwa maandishi na kuviachia sehemu kubwa ya viingilio, hesabu zikisomwa hadharani kijijini. Sehemu ya fedha za hifadhi za milimani iwafikie Batwa moja kwa moja, na deni lao la ardhi lilipwe. Shule za Kampala zipeleke wanafunzi Mabamba na Lutembe kama zinavyowapeleka kwenye bustani ya wanyama ya Entebbe. Na wewe msomaji, likizo ijayo usingoje mgeni wa ng'ambo akuonyeshe nchi yako. Panda kivuko cha Nakiwogo au basi la Fort Portal, mlipe mwongozaji wa kijiji bei yake kamili, nunua mkeka kwa mama aliyeusuka, kisha ukirudi mwulize diwani wako kinamasi cha mtaani kwenu kimeandikwa kwa jina la nani. Amana ile ya ibara ya 237 ni ya wananchi, na mwenye amana ana haki na wajibu wa kwenda kuikagua.